Amiens kwa maji: mtumbwi wa kuongozwa, boti ya kujiendesha, au miguu yako mwenyewe?

Shangazi yangu wa Nyawera amepata viza. Mwezi wa sita anakwenda Lille, Ufaransa, kumwona binti yake aliyejifungua, na tangu pasipoti irudi mkononi ameshanitumia sauti kumi na moja kwenye WhatsApp. Moja inahusu mtoto. Kumi zinahusu mtumbwi. Mtu wa kanisani amemwambia kwamba saa moja na nusu hivi kwa treni kutoka Lille kuna mji unaitwa Amiens, wenye bustani zilizo katikati ya maji, na watu huzunguka humo wakitazama maua na kazi za wasanii. "Sasa baba, ile mitumbwi iko moja ao iko mbili? Binti anasema tulipe ya mwenye kuongoza, mkwe anasema tujiendeshee sisi benyewe. Mimi nipande ya wapi?"

Swali lake ni zuri kuliko anavyodhani. Hapa Bukavu ninawajua watu kadhaa waliopita Amiens wakarudi na malalamiko: mmoja alifuata sanaa akaonyeshwa kabichi, mwingine alifuata utulivu akajikuta anagombana na usukani mbele ya wakwe zake. Kosa linaanzia kwenye maneno. Watu husema "kupanda mtumbwi Amiens" kana kwamba ni safari moja. Ni safari mbili. Zinaanzia mahali tofauti, zinapita maji tofauti na hazionyeshi kitu kimoja. Nilipokaa kwa dada yangu Lille nilizifanya zote mbili, na siku ya tatu, pesa ilipokuwa imekwisha, nikaenda kwa miguu.

Kwanza penyewe. Mashariki ya mji, pale mto Somme unapopokea Avre, kuna bonde la kinamasi ambalo watu wamelichonga kwa mikono kwa karne nyingi. Ni hekta kama 300 na kilomita 65 za mifereji, na katikati ya mifereji kuna vipande vya ardhi vya mboga na maua ambavyo vingi havina barabara. Ukitaka kuingia shambani kwako unaingia kwa maji. Wenyeji wanaita eneo hilo hortillonnages, mkulima wake ni hortillon, jina lenye mzizi wa Kilatini wa bustani ndogo, na mfereji mmoja wanauita rieu.

Mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa zaidi. Umepita Kabare au Walungu ukaona mabonde ya kinamasi yalivyokatwa mitaro, udongo wa mtaro ukapandishwa juu kuwa tuta, na juu ya tuta lengalenga, kabichi na pwaro, ile jamii ya kitunguu yenye majani marefu. Chukua bonde hilo, tanua mitaro hadi mtumbwi upite, kisha liache liishi hivyo miaka mia kadhaa. Hata taabu zake ni zilezile. Mfereji usiotolewa tope hujaa, ukingo usioshikiliwa hubomoka na tuta linaingia majini. Tope la mfereji linatupwa juu ya shamba, linakuwa mbolea, kama mama zetu wanavyofanya bila kuita watalii. Wana adui mmoja ambaye sisi hatuna: ragondin, mnyama wa jamii ya panya, mnene kumshinda sungura, mwenye asili ya Amerika ya Kusini. Yeye huchimba mashimo kwenye kingo, na shamba linapungua kidogo kila mwaka.

Karne moja iliyopita wakulima hao walikuwa mamia. Leo wanaoishi kwa mboga za pale wanahesabika kwa vidole, na vipande vingi vimekuwa bustani za mapumziko za watu wa mjini. Miaka ya 1970 palikuwa na mpango wa kupitisha barabara kubwa katikati ya bonde. Mpiga picha mmoja, Nisso Pelossof, mzaliwa wa kisiwa cha Rhodes aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akasimama kuupinga, na mwaka 1975 akaanzisha chama cha kulinda mashamba hayo. Chama hicho ndicho kinachoendesha mitumbwi ya kuongozwa hadi leo. Sanaa ilikuja baadaye kabisa. Mwaka 2010 Maison de la Culture, nyumba ya utamaduni ya Amiens, ilianzisha tamasha la kuwaita wasanifu vijana wa bustani na wasanii waje kufanya kazi zao kwenye viwanja vya humo majini.

Zishike tarehe hizo mbili, kwa sababu ndizo zinazoamua siku yako. Mtumbwi wa kuongozwa ni mtoto wa ugomvi wa 1975: unataka uone mashamba na uelewe kwa nini yalikaribia kufa. Boti ya kujiendesha ni mtoto wa 2010: inakupeleka kwenye kazi za wasanii, na mashamba unayaona ukiwa njiani tu.

Mtumbwi wa kuongozwa

Unaanzia mjini, boulevard de Beauvillé, mahali ambapo mtu mwenye miguu mizuri anafika akitokea kanisa kuu bila kupanda basi. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi mitumbwi hutoka mchana, kuanzia saa saba na nusu hivi. Tiketi unanunua palepale, unasubiri zamu, unapanda. Siku ya jua na ya mapumziko foleni inakuwa ndefu, kwa hiyo anayefika mapema anaondoka mapema.

Chombo chenyewe kinastahili kutazamwa kabla hujakaa. Wanakiita barque à cornet: kirefu, chembamba, chini bapa, na ncha zake zimeinuliwa kama pembe. Nilidhani ni urembo. Kumbe ni akili ya mkulima. Ncha iliyoinuka inapanda juu ya ukingo bila kuubomoa, mtu anashuka na magunia yake ukingo ukiwa salama. Zamani walisukuma kwa mti mrefu, leo ni injini ya umeme isiyo na kelele. Mnakaa watu kumi na wawili, na wakisema kumi na wawili ni kumi na wawili. Mtu aliyezoea kupakia kwenye bandari zetu, ambapo "bado kidogo" inaweza kuwa watu ishirini, atashangaa kuona wa kumi na tatu anaachwa gatini na hakuna anayepiga kelele.

Safari ni dakika 45 na hamshuki popote. Hapo ndipo wengine wanahisi wameibiwa, mimi sikuona hivyo. Unachokilipia ni macho ya mwongozaji. Peke yangu ningeona majani. Yeye ananionyesha ukingo ulioshikiliwa kwa mbao na ukingo ulioachwa ukaliwa na ragondin, vyote viwili kwenye mfereji mmoja, hatua ishirini kati yake. Ananionyesha kipande kinacholimwa kwa ajili ya soko na kipande cha mstaafu aliyepanda dalia na kuweka kiti cha kulalia. Daraja dogo, nyumba ya mbao ya rangi ya samawati, korongo amesimama kwa mguu mmoja kama mlinzi aliyesinzia. Mifereji mingine ni myembamba mpaka majani yanakugusa bega.

Ubaya wake mkubwa ni lugha. Maelezo yanatolewa kwa Kifaransa, na kwa kasi ya mtu anayesema maneno yaleyale mara nyingi kwa siku. Mkongo aliyesoma atafuata. Lakini mama wa soko ambaye Kifaransa chake ni cha kupanga bei atahitaji mtu wa kumnong'onezea, na kunong'ona kwenye mtumbwi wa watu kumi na wawili kuna aibu yake. Ubaya wa pili: mnakaa chini, karibu na maji, na kushuka na kupanda kunahitaji magoti yanayokubali. Si kazi ngumu, wasaidizi wanashika mkono, ila usimpeleke bibi mwenye baridi yabisi ukiwa umemwambia ni kama kukaa kwenye basi.

Kazi za tamasha usizitegemee humo. Anayepanda mtumbwi huu akisubiri sanaa atakaa dakika 45 akigeuza shingo.

Boti ya kujiendesha

Hii inaanzia Camon, kijiji cha jirani upande wa mashariki, mahali panapoitwa Port à fumier. Tafsiri yake ni Bandari ya Samadi. Nilipomwambia shangazi alicheka mpaka sauti ikakatika. Lakini jina ni la haki: mboga za kinamasi hazikuota kwa uzuri wa maji tu, zilihitaji samadi, na samadi ilipita kwa mitumbwi kama kila kitu kingine. Ningekuwa mwenye tamasha nami nisingelibadilisha.

Hapa hulipi kichwa kwa kichwa kama kule Beauvillé. Unakodi boti nzima, ya watu wanne hadi sita hivi, ya umeme, na hakuna anayekuuliza leseni. Unapewa ramani, unaelezwa kwa dakika chache namna ya kuongoza, unasukumwa. Kuanzia hapo wewe ndiye nahodha kwa saa mbili na nusu hivi. Unafuata alama, unafika kwenye kisiwa, unafunga kamba, unashuka, unatazama, unafungua kamba, unaendelea. Tamasha huwa wazi kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, na kuna kazi kama hamsini, za mwaka huo na za miaka iliyopita zilizoachwa ziendelee kuota. Kuweka nafasi mapema ni lazima kwa siku za mwisho wa juma. Tulimwona baba mmoja na watoto wanne akirudishwa, na uso wake sitausahau.

Sasa nitubu. Mimi nimezaliwa na kukua nikilitazama ziwa, na nilimtangazia shemeji yangu kwamba mtoto wa Kivu hafundishwi maji. Usukani wa boti ile ni mti ulioshikwa nyuma: ukiuvuta kushoto, boti inakwenda kulia. Nililijua hilo kichwani. Mkono haukulijua. Tuligonga ukingo mara ya kwanza, tukacheka. Mara ya pili tuligonga boti ya wazee wawili waliokuwa wanakula jibini, wakatuambia "bonjour" kwa upole unaoumiza. Mara ya tatu dada yangu akanivua cheo, akashika usukani yeye ambaye hajawahi kupanda chochote zaidi ya meli kubwa ya kwenda Goma, na hatukugonga tena. Mkwe wa shangazi anayedai "tujiendeshee" asome sentensi hii mara mbili.

Kosa letu la pili lilikuwa la kupanga, na hili ndilo linaloharibu siku za wengi. Bustani ya kwanza kila mtu anashuka, anapiga picha thelathini, anasoma kibao chote. Ya pili vilevile. Ghafla saa moja imekwisha na ramani bado imejaa namba. Tukaanza kukimbizana na saa, bustani nzuri kuliko zote tukaitazama tukiwa tumesimama kwenye boti. Ningerudi leo ningepita za mwanzo bila kushuka, nikaenda mbali kwanza wakati betri na miguu bado ni vipya, halafu nikarudi polepole nikitazama za karibu. Zile za karibu ndizo zenye foleni ya boti mchana. Jioni zinabaki tupu.

Je, sanaa yenyewe inafaa? Kwa ukweli wangu: nusu kwa nusu. Kazi zilizonishika ni zile ambazo zisingewezekana mahali pengine. Kioo kilichowekwa mahali ambapo maji yanakuwa mbingu, mti uliosukwa ukiwa hai na bado unatoa majani, jukwaa la mbao linalokuteremsha mpaka usawa wa maji ili uone shamba kama bata anavyoliona. Msanii aliyefanya hivyo amemsikiliza mkulima. Lakini kuna nyingine ambazo kibao chake ni kirefu kuliko kazi yenyewe. Unasoma kuhusu dunia na ubinadamu, unainua macho, unaona vijiti vitatu vimepakwa rangi. Hizo unapita. Uzuri wa kuwa nahodha ni kwamba hakuna atakayekulazimisha usimame.

Na kuna jambo ambalo mtumbwi wa kuongozwa hauwezi kukupa: kunyamaza. Ukizima injini kwenye mfereji ulio mbali na wenzako, boti inaendelea kuteleza yenyewe kidogo, kisha inasimama, na unasikia maji yanavyogusa mbao. Mtoto wa dada yangu alilala hapohapo. Tulikaa bila kusema neno, watu wazima watatu wa Bukavu, jambo ambalo kwa familia yetu ni la kuandikwa.

Miguu

Kwa miguu ni bure, na nitakuwa mfupi kwa sababu kwenyewe ni kufupi. Njia ya zamani ya kuvutia mashua kandokando ya Somme inakutoa mjini hadi Camon, tambarare, kivuli kingi, baiskeli zinapita. Sehemu ya kazi za tamasha iko kwenye bwawa la Clermont, na hizo unazifikia bila chombo. Mvua ikinyesha unarudi ulikotoka bila kumlipa mtu. Unachokosa ni ndani. Mashamba unayaona kama mtu anayetazama karamu kutoka nje ya ua.

Nani apande nini

Nikiwekewa vyote viwili mezani, mtumbwi wa kuongozwa na boti ya kujiendesha, swali langu la kwanza si pesa wala muda. Ni hili: una mtu wa kushika usukani bila kugeuza siku kuwa kesi ya familia? Kama huyo yupo, na mko wanne au watano, boti ya Camon inakupa zaidi kwa kila kitu isipokuwa maelezo. Mkigawana gharama ya kukodi, hesabu inakuwa ya kuridhisha. Mkiwa wawili tu, mnalipia viti vitupu, na mtumbwi wa Beauvillé unashinda.

Mwenye watoto wadogo afikirie mara mbili. Dakika 45 mtoto anavumilia. Saa mbili na nusu za kupanda, kushuka, usiguse, rudi hapa, zinamchosha mzazi kuliko mtoto. Wakubwa kidogo, wa miaka tisa na kuendelea, kinyume chake: kwenye mtumbwi wa kuongozwa watakuuliza "tunafika lini", kwenye boti watapigania ramani. Mzee anayependa kulima apande ule wa kuongozwa bila mjadala. Mpiga picha aende Camon, kwa sababu anaweza kusimamisha boti mahali mwanga ulipo. Mtu aliyechoka, ambaye anataka tu kubebwa, naye jibu lake linajulikana.

Mvua ni jambo lingine. Hali ya hewa ya Picardie, eneo la Amiens, inabadilika ghafla kama ya Bukavu mwezi wa tatu, ila baridi yake ni kali zaidi. Mvua ya dakika 45 unaivumilia na koti, ya saa mbili na nusu juu ya maji inaingia mpaka kwenye mawazo. Viatu vya kufunga, visivyoteleza. Nilimwona mama mmoja amevaa viatu vya arusi Camon, na udongo wa kinamasi hauheshimu arusi.

Siku pia ina maana yake. Jumamosi asubuhi, mjini, place Parmentier kwenye mtaa wa Saint-Leu kuna soko la mboga za mashamba haya, wanaliita soko la juu ya maji. Wauzaji siku hizi wanakuja kwa gari, isipokuwa Jumapili moja ya mwezi wa sita wanapovaa mavazi ya zamani na kuja kwa mitumbwi ileile ya pembe, mboga zimejaa. Kwa hiyo Jumamosi inakubaliana na mtumbwi wa kuongozwa: asubuhi soko, kisha kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1220 na ambalo simulizi ya wenyeji inasema limesimama juu ya shamba la mboga iitwayo artichoke, mchana Beauvillé, jioni treni. Boti ya Camon ipewe siku yake peke yake. Tulijaribu kuchanganya zote mbili siku moja na tulifika gatini tukihema.

Na asiye na viza?

Watanijia: mwandishi anatusimulia Ulaya wakati sisi tuko hapa na ziwa letu. Haki yenu. Hapa nako kuna chaguo la vyombo viwili, na ni chaguo la maana.

Bukavu imelala majini kwa rasi tano, kama vidole vya mkono vilivyotumbukizwa kwenye bakuli. Bustani zake nzuri kuliko zote, za La Botte na za Muhumba, zilipangwa kutazama maji, si barabara. Kutoka barabarani unaona geti na ukuta. Kutoka ziwani unaona ngazi za mawe zinazoshuka, bogenvilia zilizomwagika juu ya kuta, mijakaranda, nyumba za enzi ya Costermansville, jina la mji huu wakati wa ukoloni, zenye pembe za mviringo, na katikati yake majengo mapya yaliyosogea mpaka yakasimama majini na kula bustani ya jirani. Mji huu ulijengwa uonekane kwa mtumbwi, na wengi wetu hatujawahi kuuona kwa upande wake wa mbele.

Boti ya injini inakuzungusha rasi zote kwa muda mfupi, ina kelele, inapita mbali na ukingo, na unarudi na picha za nyumba zenye ukubwa wa kiberiti. Mtumbwi wa kasia unakwenda kandokando, unaingia kwenye vihori, unanusa moshi wa jikoni na kusikia mtu anavyokemea mbwa wake. Rasi moja tu inatosha kwa asubuhi. Kwa bustani mimi nachagua kasia kila mara. Lakini usije na akili ya Amiens. Kule mifereji ni ya kina kifupi na ukingo uko karibu kuliko kiti cha jirani yako. Ziwa Kivu lina kina cha hadi mita 480 hivi, na upepo wa alasiri haubishi hodi. Mwezi wa kumi mwaka 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wameshaanza kuona jamaa zao gatini. Kwa hiyo: asubuhi mapema, jaketi la kuelea limefungwa mwilini na si limekaliwa, na chombo kikijaa unashuka hata kama umeshalipa. Siku hizi pia uliza kwanza bandarini kama siku hiyo kuzunguka kunaruhusiwa.

Sanaa? Hakuna tamasha linalotupangia visiwa. Kuna kuta zilizochorwa, kuna mitumbwi yenye majina na rangi ambazo wachoraji wa mji wangezionea wivu, na kuna plastiki, nyingi mno, inayoelea hadi mto Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme. Lakini kaa majini jua linapozama uone wavuvi wa sambaza, samaki wetu wadogo, wakitoka: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma kama pembe za ng'ombe wa kifalme, makasia yanapiga kwa wimbo mmoja. Nilipoona ncha za barque à cornet mara ya kwanza nilikumbuka pembe hizo. Hakuna kibao cha maelezo, na hakuna anayekihitaji.

Jibu langu kwa shangazi lilikuwa hivi: Jumamosi ya kwanza, soko asubuhi, na mchana mtumbwi wa kuongozwa, binti akae kulia kwake amtafsirie. Mkwe na rafiki zake waende Camon Jumapili wajiendeshee watakavyo, na mtoto mchanga abaki nyumbani na bibi yake. Nilirekodi yote hayo kwa sauti ya dakika sita.

Akajibu kwa sekunde tisa. "Sawa, nimesikia. Sasa ile pwaro yabo ya mule majini, banauzaka na mbegu?"

Nimemwambia mbegu za pakiti zipo madukani. Kuhusu miche aliyokwisha kuanza kuipangia nafasi kwenye sanduku, nimemwomba aulize kwanza watu wa forodha, kabla hajafika nayo kwenye daraja la mpakani la Ruzizi imefungwa ndani ya kitenge.